Tano kwa Kila Swali

Kosa lilikuwa langu, na ninalisema mapema ili asije mtu akamlaumu Angel au Munir. Mimi, Siham Shaame, mwanafunzi wa famasia mwaka wa pili na katibu wa Chama cha Waswahili hapo chuoni kwetu London, ndiye niliyewakalisha wenzangu ishirini na wawili kwenye chumba cha mikutano, nikawapa sambusa za kuku, nikawaambia haondoki mtu mpaka ajaze fomu ya chuo kwenye simu yake.

Fomu yenyewe ilikuja kwa barua pepe. Chuo kilitaka kujua wanafunzi weusi na wa Kiasia wana hali gani: wanalala vipi, wanasoma vipi, wanajiona wenyeji au wageni. Juu unaandika chama au idara yako, kisha maswali kumi na mawili, na kila swali unachagua namba, moja ikiwa vibaya kabisa na tano vizuri kabisa. Mtu akiletewa kitu kama hicho akiwa peke yake anakifuta. Kwa hiyo nikaona tujaze pamoja, na kwa kuwa nina kiherehere, nikaona pia niwasomee maswali kwa Kiswahili ili tuchangamke.

"Habari za masomo?" nikasoma.

"Nzuri," wakaitikia wote.

"Habari za walimu?"

"Nzuri."

"Habari za wenzenu darasani?"

"Nzuriii." Munir, ambaye kazaliwa Harrow, hapahapa London, na Kiswahili chake ni cha kuelewa tu, alipaza sauti kuliko wote, maana hilo ni neno analoliweza. Vidole vikawa vinagonga tano, tano, tano. Kufika swali la kumi na mbili tulikuwa tunacheka kama tuko harusini. Dakika nne, fomu zimekwisha na sambusa zimekwisha.

Asiyetujua atashangaa. Sisi ukituuliza habari, tunajibu nzuri. Hicho si kipimo cha hali, ni adabu, na kinachokuja baada yake ndiyo habari yenyewe. Mjomba wangu Asad alianguka ngazini akavunjika mguu, tukaenda kumtazama hospitali, tukamkuta mguu umening'inizwa juu. "Hujambo, mjomba?" "Sijambo, alhamdulillahi. Hali nzuri. Mguu tu ndio umevunjika." Jibu la kwanza ni la kumtoa mwenzio wasiwasi, la pili ndilo la kweli. Fomu ya chuo haikuwa na nafasi ya jibu la pili.

Na mimi jibu la pili nilikuwa nalo, tena refu. Mwalimu wa maabara aliniita Suad kuanzia wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Suad ni Msomali, mrefu, anavaa miwani, na tunachofanana ni mtandio basi. Mara moja mwalimu huyo alinipa hata maksi za mwenzangu, na kwa kuwa Suad ana akili kunishinda, siku hiyo sikupiga kelele. Mlinzi wa lango anadai kitambulisho changu kila asubuhi, huku msichana wa nyuma yangu, mwenye nywele za rangi ya dhahabu, akipita mikono mitupu na kuulizwa hali ya mbwa wake. Ikitajwa malaria darasani, shingo zote zinanigeukia, mimi niliyetoka Pemba nikiwa na miaka minane na ninayeijua malaria kwa kitabu kilekile wanachosoma wao. Kwenye kazi za kikundi napewa kupanga kurasa. Hakuna moja katika hayo linalotosha kumpigia mtu simu. Lakini yakikusanyika, asubuhi unajikuta umekaa ukingoni mwa kitanda, umevaa kiatu kimoja, na cha pili hutaki hata kukiona.

Hapo ndipo nilipomjua Raïssa, mwaka ule wa kwanza. Raïssa ni mshauri wa wanafunzi, mwanamke wa Bukavu, Kongo, anakuja siku mbili kwa wiki, na wamempa chumba cha chini kabisa, karibu na mtambo wa kupasha maji moto. Siku niliyoingia aliniuliza niko namna gani. Nikamjibu nzuri. Akamimina chai, akasukuma kikombe upande wangu.

"Sawa," akasema. "Na kisha ya muzuri?" Kwa Kiswahili cha kwao, alitaka kujua kinachokuja baada ya nzuri.

Nililia dakika arobaini. Hakuniambia nijikaze, wala hakuniambia labda hawakukusudia. Alisikiliza, akaandika, akanitengea Jumanne ijayo. Nikatoka na macho mekundu nikaenda kula chakula cha mchana, jambo nililokuwa sijalifanya wiki nzima. Nusu ya chama chetu imepita kwenye chumba kile, ingawa kila mmoja anapitia kwa kuibia.

Wiki tatu baada ya sambusa, ikaja barua pepe kutoka kwa Dokta Hartnell, makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia ustawi wa wanafunzi. Hongera. Chama chetu kimeongoza chuo kizima kwa furaha. Watu ishirini na watatu, tano kwa kila swali, jambo ambalo halijapata kutokea. Kutakuwa na hafla ndogo yenye keki, na wazazi wanakaribishwa. Nilicheka peke yangu kwenye treni mpaka mzee mmoja akahama kiti.

Kisha nikasoma aya ya mwisho. Kwa kuwa matokeo yanaonyesha mahitaji yamepungua, huduma ya ushauri iliyowekwa mahsusi kwa wanafunzi weusi na wa Kiasia itafungwa kabla ya Krismasi. Huduma hiyo ni Raïssa. Hakuna mwingine.

Nilimkuta anapanga vikombe ndani ya boksi.

"Dada Raïssa, hujambo?"

"Muzuri," akasema.

Tukatazamana. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza.

"Munaniua na adabu yenu, ninyi watu ya pwani," akasema akijifuta macho. "Watu makumi mbili na tatu, kila mutu tano! Hata miye singeweka tano, na furaha yenu ndiyo kazi yangu."

"Nitarekebisha."

"Utarekebisha namna gani?"

Sikujua. Nilimwandikia Dokta Hartnell barua ndefu kumweleza kwamba hatukuwa na furaha kiasi kile, tulikuwa tunasalimiana tu. Alinijibu siku ileile, kwa upole sana, akausifu unyenyekevu wa jamii yetu. Nilitaka kuitupa simu dirishani.

Ikabaki hafla. Pale watakuwapo wakubwa wa chuo, na katibu wa chama anaalikwa kusema maneno mawili ya shukurani. Maneno mawili ninayo, nikajiambia. Tatizo lilikuwa mama.

Mama yangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hapo Harrow. Shangazi zangu wote, wa hapa na wa Wete, ameshawaambia kwamba chuo kinampenda Siham. Kila jioni ananiuliza habari za chuo, nami namjibu nzuri, naye anapakua chakula. Nilimficha ule mwaliko. Mama yake Munir akamwambia, na kesho yake mama akabadilishana shifti na mwenzake, akapiga pasi baibui lake la sikukuu.

"Mwambie leo jioni, kabla ya siku yenyewe," Angel akanishauri. Angel ni mtu wa Mwanza, kaja na ufadhili, na hana subira na mizunguko yetu ya visiwani.

"Siwezi."

"Basi utamwambia kwa kipaza sauti."

Na ndivyo ilivyokuwa. Hafla ilifanywa ghorofa ya sita, kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa. Keki ilikuwapo, maofisa kama kumi walikuwapo, chama kizima kilikuwapo, na mama alikaa mstari wa pili, mkoba magotini. Dokta Hartnell, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi na sauti ya kubembeleza, akatukaribisha, akasema maneno mazuri kuhusu mchango wetu, kisha akabonyeza kitu ili tuione picha yetu kwenye skrini.

Tukaitazama. Walikuwa watu weusi wanaotabasamu, wamevaa majoho ya zambarau.

"Hang on," Munir akasema, na Munir hajui kunong'ona. "That's not us. That's the gospel choir."

Kweli, ilikuwa kwaya ya nyimbo za Injili, na sisi tukaangua kicheko, maana ungefanya nini kingine. Nikhil, kijana wa Kenton ambaye bibi yake wa Kisumu ndiye aliyemfundisha Kiswahili, aliuliza yeye ni yupi pale, kwani hata Mhindi mmoja hayumo. Dokta Hartnell akawa mwekundu hadi masikioni, akasema ni kosa la ofisi ya mawasiliano. Si mtu mbaya, na nalisema hilo kwa kinyongo. Akaona njia ya kutokea hapo ni kuniita mimi.

Nilikuwa na karatasi mfukoni, lakini sikuitoa. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira Kiingereza changu kinanyooka.

"Asanteni kwa keki," nikasema. "Lakini ile fomu tuliijaza kwa uongo, na mimi ndiye niliyeongoza. Si uongo wa kudanganya mtu. Kwetu ukiulizwa hali, unasema nzuri, hata kama hulali. Mimi niliandika tano kwenye swali la walimu, na mwalimu wangu alikaa mwaka mzima akiniita kwa jina la mtu mwingine. Niliandika tano kwenye swali la kujiona mwenyeji, na kila asubuhi pale langoni naulizwa mimi ni nani. Mwaka jana nilifika mahali nikawa sitaki kuamka. Aliyenisaidia ni Raïssa, na sasa mnamwondoa kwa sababu ya adabu zetu. Naomba msimwondoe."

Sikumtazama mama wakati nasema. Nilitazama keki.

Dokta Hartnell alinisikiliza kwa makini, sikatai. Kisha akasema, kwa upole uleule wa barua yake, kwamba anasikitika sana kwa yaliyonipata mimi, ila matokeo ni ya watu ishirini na watatu. Mtu mmoja kuwa na wakati mgumu inaeleweka. Lakini inawezekanaje watu wote wale wawe wagumu wa kusema ukweli, asipatikane hata mmoja wa kuandika nne?

Utamwelezaje mtu salamu?

Ndipo nikasikia kiti kinasogezwa. Mama amesimama, mkoba mkononi, na alikuwa anamtazama Dokta Hartnell, si mimi.

"Samahani, Dokta," akasema kwa Kiingereza chake cha kazini, cha pole pole na kisicho na haraka ya kumpendeza mtu. "Hatujasalimiana. U hali gani?"

"Nzuri sana, asante," Dokta Hartnell akajibu, akashangaa kidogo.

"Nyumbani wazima?"

"Wazima, asante."

"Na kulala, unalala?"

Dokta Hartnell akatabasamu. Akafungua mdomo kusema ndiyo, kila mtu aliliona lile ndiyo likija. Halikutoka. Mama akamngojea. Mama anajua kungoja, hiyo ndiyo kazi yake kubwa.

"Si sana," Dokta Hartnell akasema mwishowe. "Mama yangu anaishi nasi tangu kiangazi. Anaamka alfajiri anadhani amechelewa kazini. Juzi hakunitambua. Sijui kwa nini nakuambia haya."

"Kwa sababu nimekuuliza mara ya tatu," mama akasema. "Kule kazini tuna mzee mmoja, Mzee Balbir. Ukimuuliza, yuko vizuri. Ukimuuliza chakula, kizuri. Mpaka umuulize viatu ndipo atakuonyesha kidonda cha mguuni. Sasa, Dokta, asubuhi ya leo ningekuletea fomu, ungeandika ngapi?"

Dokta Hartnell akajibu kwa sauti ndogo.

"Tano," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama akamwambia amwachie mama yake mkoba na koti karibu na kitanda, akiamka avishwe, wazunguke meza mara moja, kisha amwambie leo ni Jumapili. Dokta Hartnell akaomba kalamu akaandika. Ofisa mmoja akaanza kukata keki kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, na kabla ya watu kumaliza kula, tukaambiwa kwamba Raïssa hatafungiwa mlango kabla ya fomu kurudiwa, na safari hii atauliza yeye mwenyewe, ana kwa ana, kwa muda anaoutaka.

Kwenye ngazi mama alinishika mkono tukasimama.

"Mwaka mzima, Siham?"

"Karibu."

"Na kila jioni nakuuliza."

"Na kila jioni nakujibu nzuri, mama. Sikutaka uchoke zaidi ya unavyochoka."

Nilingoja anigombeze. Nilikuwa hata nimejitayarisha.

"Watu baki nawauliza mara tatu," akasema, "wewe mwanangu nakuuliza mara moja, halafu napakua wali." Akatoa leso kwenye mkoba akajifuta pua kwa nguvu. Roho iliniuma kuliko angenipiga kofi. Tukashuka hadi chini tumeshikana, naye alipofika kwa mlinzi wa lango akamsalimia, akamuuliza nyumbani kwake, akamuuliza mgongo wake, kisha akamwambia, "Huyu ni binti yangu, anaitwa Siham, utamjua." Tangu siku hiyo yule bwana ananiita Siham, na ananipa habari za mgongo wake kila asubuhi, hata nikiwa nimechelewa mtihani.

Raïssa alituuliza mwezi wote wa Januari. Alimkalisha kila mtu na chai yake, na fomu hakuitoa mpaka kikombe cha pili. Mwezi wa pili matokeo yakatoka, nikaitisha mkutano, safari hii bila sambusa, maana nilikuwa nimeshajifunza. Nikasimama mbele na karatasi nikasoma. Wastani wetu ulikuwa moja nukta tisa. Tulikuwa wa mwisho katika chuo kizima, chini hata ya watu wa hisabati, ambao wana huzuni ya kuzaliwa nayo.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, Angel akapiga vigelegele, Nikhil akakimbia kuzunguka viti na mikono juu. Nafikiri hakuna kundi lililowahi kushangilia mkia kiasi kile. Chini ya matokeo kulikuwa na barua ya Dokta Hartnell: Raïssa anabaki, siku tatu kwa wiki badala ya mbili, na anahamishiwa ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha. Raïssa mwenyewe alikuwa amekaa nyuma. Akasimama akainama kwa madaha, akakaa tena.

"Soma yote," Munir akasema. Alilisema kwa Kiswahili, na nadhani lilimgharimu.

Nikaendelea kusoma. Nilipofika swali la kumi na tatu, la ndiyo au hapana, ambalo Raïssa aliliongeza mwenyewe, sauti ikapungua. Swali lilikuwa: umewahi kufikiria kuacha chuo? Waliojibu ndiyo ni watu kumi na wanne.

Kelele zikaisha. Kumi na wanne kati ya ishirini na watatu. Mwaka mzima tulikuwa tunakutana kila Alhamisi, tunacheka, tunagombania kipande cha mwisho, na kila mmoja akirudi kwake anadhani ni yeye peke yake. Nilishikwa na hasira, kisha huzuni, kisha kitu kinachokaribiana sana na furaha, na hicho ndicho nilichokionea haya.

"All right," Munir akasema. "Who?" Akanyanyua mkono wake wa kwanza, yeye, mwenye nzuri ndefu kuliko zote.

Angel akanyanyua wake. Nikhil naye. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye sijawahi kumsikia akisema lolote zaidi ya jina lake, akanyanyua wake huku anatazama sakafu. Mikono ikawa inapanda mmoja mmoja, hapa na pale, na kila unapopanda kuna mtu anayeguna kwa mshangao, "Hata wewe?" Nikhil akahesabu kwa sauti. Hesabu ilipofika kumi na tatu ikasimama.

Wakaanza kutazamana kumtafuta wa kumi na nne. Hilo la kutaka kuacha chuo mimi sikulisema hata kwenye hafla. Siku ile mama alikuwa mstari wa pili. Nilikuwa nimesimama mbele yao wote, katibu wa chama, nimeishika ripoti kwa mikono miwili kifuani, na ninatafuta pamoja nao.

Angel akanitazama kidogo. Kisha akaja, akanishika kiwiko, akaunyanyua mkono wangu juu, pamoja na karatasi zake.